Kiko cha Yuro Nne

Jumapili, uwanja wa Mtakatifu Yakobo, mjini Gent,
mvua nyepesi isiyostahili mwavuli.
Wannes ametandaza turubai lake:
vijiko, saa zisizo na mishale, mwanasesere mwenye jicho moja,
na sanduku la viatu lililojaa viko.
"Kimoja yuro nne. Vyote thelathini, Godelieve,
nisirudi navyo, mke wangu halali kwa harufu."

Nachukua kimoja tu.
Sijui kwa nini watu hudhani
asiyevuta hawezi kupenda kiko.
Miaka thelathini na moja nilichonga meno ya bandia,
wala sikula kwa hata moja.

Mezani, gazeti la jana, taa,
kikombe cha kahawa kimesogezwa mbali.
Bakuli limeziba kwa kaa,
limebaki tundu la kidole cha mtoto.
Nakwangua nikizungusha kisu, polepole,
masizi yanamwangukia waziri wa fedha usoni.
Siondoi yote. Utando mwembamba huachwa,
ndio unaolinda mti usiungue.
Hilo nililijua zamani kutoka kwenye fizi:
anayesafisha kupita kiasi hutoa damu.

Kisha chumvi hadi ukingoni, spiriti tone kwa tone,
na kiko kinalala usiku kucha ndani ya katoni ya mayai.
Asubuhi chumvi ina rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nanusa: cheri,
na sebule ambayo madirisha yake hayakufunguliwa tangu vuli.

Mdomo wake, mpira mgumu, uliwahi kuwa mweusi.
Jua la dirishani limeugeuza kijani, kijani cha dimbwi.
Msasa wa mia nne. Wa mia sita. Wa elfu moja, kwa maji.
Ukifika elfu mbili mkono hausugui tena,
unabembeleza.

Zimebaki alama za meno.
Mpira huu una kumbukumbu: upitishe juu ya mshumaa,
usiuguse mwali, na palipobonyea patainuka penyewe
kama godoro mtu akishaamka.
Nawasha mshumaa. Navaa miwani ya kazini.

Juu, upande wa kushoto, shimo moja lenye kina: chonge.
Chini halina mwenzake.
Chini kuna mfuo bapa, usio na ncha,
meno manne ya kauri yaliyoungana,
la mwisho limepinda nje kidogo,
kama mtu anayetoa kichwa kuchungulia foleni.

Mpindo huo naujua.
Machi ya themanini na nane, kalibu ya taya
ya mwendesha kreni wa bandarini.
Nikalinyoosha jino la mwisho, nikajisifu.
Akayarudisha na kikaratasi:
"Lipindeni lilivyokuwa langu. Kiko hakikai."
Jina lilikuwa juu ya bahasha.
Bahasha naiona, kona yake imelowa, wino umetambaa.
Jina, hapana.

Labda si yeye. Mji huu una vinywa vingi,
na meno hupinda bila kuniuliza.

Nazima mshumaa kwa vidole viwili.
Napaka nta, nasugua kwa fulana kuukuu
mpaka mti unatoa nyuzi zake, nyekundu, zilizobanana.
Usiku huo nafungua daftari za karakana, za mwaka ule.
Panya wamekula kuanzia Januari hadi Mei.

Jumapili ya pili, kijana mwenye ndevu changa
anakigeuzageuza mbele ya turubai.
(Wannes ananiuzia, anachukua fungu lake.)
"Kizuri. Ila hapa umesahau."
Ukucha wake uko juu ya alama.
"Sikusahau."
"Basi punguza bei."
Napunguza.

Anakitia mdomoni kitupu, kukijaribu,
anakisogeza kulia, anakirudisha kushoto,
meno yake yanatafuta, yanatafuta,
kisha taya linatulia
na anaanza kuhesabu sarafu bila kukishika.