Namba Sitini na Moja

Sasa kila mzee wa Middlesbrough aliyebakiwa na masikio
anadai usiku ule alikuwemo.
Kwa daktari wa meno, kwenye foleni ya posta:
"Nilikuwapo Shimoni, mama, umeme ulipokatika."
Natikisa kichwa. Nameza.
Maana mimi ndiye niliyepokea makoti,
na makoti yalikuwa mia na themanini na matatu.

Shimoni ni jina letu. Kibao cha nje kilisema jingine,
la kifahari, herufi za dhahabu zilizobanduka,
lakini nani husoma kibao akishuka ngazi kumi na tisa
chini ya duka la magodoro?
Nilipomwandikia mama Mombasa kwamba nimepata kibarua Shimoni
alijibu kwa hati ya haraka: Mwanangu,
hata huko Uingereza wana shimo la kufungia watu?
Nikamjibu: Humu wanashuka kwa hiari, na wanalipa.

Wiki nzima nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi,
nikigeuza wagonjwa, nikimwaga mabakuli.
Jumamosi nilisimama nyuma ya kaunta yenye upana wa kitanda,
na makoti yakaja:
la Wilf Garbutt, linanuka tanuri la chuma;
la Maureen, manyoya ya bandia yakinyonyoka kama kuku mgonjwa;
la Desmond Pryce, mpiga tarumbeta, zito kwa mvua,
mfukoni peremende na barua ambayo haijafunguliwa.
Ng'ombe hashindwi na nunduye, nilijiambia,
mabega yakiniuma hadi Jumatano.

Jukwaa sikuliona.
Kati yangu na muziki palikuwa na ukuta wa matofali
uliopakwa rangi ya maini.
Besi niliijua kwa mgongo: niliuegemeza pale
ikanipanda pingili moja moja.
Ngoma niliijua kwa hanga, zilivyogongana zenyewe kwenye bomba.
Tarumbeta ilipenya tundu la ufunguo,
nyembamba, kama mtu anayeomba kupita.

Februari ya sabini na mbili, wachimba makaa wamegoma,
saa tatu na dakika kumi za usiku, pu!
Giza. Magitaa yakafa katikati ya neno.
Nikangoja kelele, nikangoja vita vya kugombania makoti.
Kimya.
Kisha mguu mmoja.
Kisha miguu, viatu vya kiwandani vyenye chuma puani
vikitwanga sakafu, na ngoma ikavifuata,
na tarumbeta, ambayo haijawahi kudaiwa bili ya umeme,
ikaja juu yake polepole kama mwenye nyumba.

Niliacha kaunta. Kosa la kufukuzwa kazi.
Nikapapasa ukuta mpaka ukuta ukaisha.
Mara yangu ya kwanza ndani, na sikuona kitu:
jasho, bia, pafyumu ya Maureen,
bega la mtu lenye joto kama mkate.
Mtu akanishika mkono akidhani mimi ni mwingine.
Sikumsahihisha.

Taa ziliporudi nilikuwa kwenye kaunta,
pumzi juu juu, nikikusanya namba.

Duka la magodoro likauza simu, halafu miwani,
halafu halikuuza kitu.
Shimo wamelijaza zege, juu wameegesha magari.
Wilf tulimzika mwaka wa mafuriko. Desmond sijui.
Usiku ule nilipokea mia na themanini na matatu,
nikarudisha mia na themanini na mawili.
Sitini na moja ilibaki ikining'inia:
koti la kijivu, mkono wa kushoto mrefu kidogo kuliko wa kulia,
au labda mwenyewe ndiye aliyekuwa hivyo.
Nilingoja Jumamosi iliyofuata. Nilingoja mwaka.
Liko kabatini, nalipigisha hewa kila Machi.

Kwa hiyo ukija kuniambia ulikuwapo
sibishani. Nauliza tu, taratibu,
kama nilivyofundishwa kuwauliza wagonjwa:
"Na namba yako ilikuwa ngapi?"