Sekunde Nne

Duka halijafunguliwa, foleni imekwishapinda kona,
hapa Niigata, theluji ikitufika vifundoni.
Hisako, aliyeusikia redioni usiku,
anasema wimbo umepoa kama chai ya jana:
ngoma tele, sauti haba.

Bwana Kuramochi wa kiwanda cha tofu
ananunua nakala kumi na moja, zote sawasawa,
apate tiketi kumi na moja za kushikana mkono.
"Chinami wamempa mstari mmoja!
Sekunde nne. Nimezihesabu."

Miaka sita anampungia taa ya kijani,
na leo jaladani wamemsukuma pembeni,
limebaki bega.

Tukabishana. Mimi nikasema kiitikio kitamu,
nikaambiwa sina masikio.

Ndipo mwenye duka akauweka.
Ulipofika pale, ngoma zikanyamaza,
sauti nyembamba ikapita peke yake
kama mtu anayevuka barabara tupu.
Hakuna aliyeshusha pumzi, hata Hisako.

Kuramochi akavua miwani, akaifuta,
nayo haikuwa na ukungu.
"Rudisha kidogo," akasema.
"Kidogo tu."

Na Hisako, akitazama viatu vyake:
"Rudisha."