Mpe Moja

Orofa ya nne, Barabara ya Ngong, juu ya duka la miwani,
tulikuwa ishirini na wawili, kila mtu na kijibanda chake
na vipokea sauti vyenye joto la masikio ya zamu iliyopita.
Kazi yangu kuuliza:
kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempa nani kura?
Na huyu aliyepo, unaridhika naye?
Sana, moja. Kiasi, mbili. Hapana, tatu.
Hajui, nne. Amekataa kujibu, tano.

Machi, mkubwa alikuwa chini kama maji ya mtungi wa kiangazi.
Wekulo, kinyozi wa Kawangware, alinicheka:
"Andika tatu. Kama kuna kumi, andika kumi.
Tokeni ya mia mbili inanyoa vichwa vinne,
inazima nikiwa katikati ya cha tano."

Kisha vita vikazuka huko kwa watu,
ng'ambo ya mpaka, na ng'ambo ya mpaka wa pili,
katika mji ambao sisi wapigasimu tulibishana namna ya kuutamka.
Vijana wetu wakapelekwa.
Mkubwa akatokea kwenye runinga kavaa koti la madoadoa,
mikunjo ya dukani bado iko mikononi,
akampigia saluti kila mmoja mpaka mvua ikaanza.
Wiki hiyo unga haukushuka.
Stima haikushuka. Hakuna kilichoshuka.
Yeye ndiye aliyepanda.

Wekulo: "Weka mbili. La, ngoja, moja.
Na baba mnagombana ndani ya nyumba;
jirani akirusha jiwe, unatoka nje kusimama naye."
Munyoki, msimamizi wetu, akabandika karatasi ya pili juu ya grafu.
Mstari ulikuwa umefika kwenye rangi ya ukuta.

Namba 0417: Truphena Kerubo, Kariobangi Kusini,
hushona mashuka ya hospitali.
Machi alikuwa tatu, tatu ya mtu aliyekata shauri.
"Mpe moja, binti yangu.
Onsare yuko huko, kitindamimba wangu.
Nitamtukanaje dereva
na mwanangu yumo ndani ya gari?"
Nilitafuta mahali pa kuandika hilo.
Kulikuwa na kisanduku kimoja, cha tarakimu moja.

Agosti mafuta ya taa yalipanda mara mbili kwa mwezi,
na ndege zikawa zinatua Eastleigh usiku, bila kamera.
Apondi wa kijibanda cha tisa anaishi karibu na ule ukuta;
alizihesabu kama mtu anavyohesabu kikohozi cha mpangaji mwenzake.
Wekulo akarudi tatu hata kabla ya salamu.
Nikamkumbusha habari ya baba.
"Baba gani huyo,
anauza mlango ili anunue kufuli?"

Mstari ukaporomoka. Munyoki akabandua ile karatasi ya pili,
akaikunja vizuri, akaiweka kwenye droo.
"Vita haviishi," alisema. "Tutaihitaji tena."

0417. Simu iliita mara saba.
Nilisikia sufuria, watu wengi,
mtu akiuliza viti vya kanisa vimefika vingapi.
Nilitaka kukata.
Sheria ni kusoma swali kama lilivyoandikwa.
Nikalisoma, Mungu anisamehe, nikalisoma lote.
"Moja," akasema.
Nikanyamaza. Akadhani sijamsikia.
"Nimesema moja. Nikikuambia tatu leo,
wewe utaniambia Onsare alikwenda kufanya nini?"

Nyuma yake mtu alilalamika kwamba chai haina maziwa.
Kidole changu kilikaa juu ya tano muda mrefu,
kisha kikabonyeza alichosema mwenyewe.

Matokeo yalitoka Jumatano.
Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani:
makosa yanayowezekana, asilimia mbili nukta tatu, juu au chini.
Na magazeti yakawaita wale wachache waliobaki naye
wafuasi sugu.