Tone Lililoelea

Kikombe cha maji ya buluu
kiko mezani, juu ya gazeti la juzi.
Sista Shemweta akashika kidole changu,
hiki kilichozoea mifuko ya saruji ya Pongwe,
akakidunga, akadondosha.
"Likizama, utamtolea dada yako.
Likielea..."
Hakumaliza. Limeelea.

Limekaa pale juu, jekundu, la kipumbavu,
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikacheka. Mimi? Ninayeshusha lori zima
kabla jua halijawaka? Rudia, Sista,
pengine maji yako yamechacha.

Akatoa kimashine kidogo kuliko simu.
Tisa nukta nne.
Mwanamume, anasema, huanzia kumi na tatu.
Mjamzito, kumi na moja humtosha.
Akishuka chini ya saba hatuulizani tena, tunakimbia.
Kibibi kajifungua usiku, huko ndani.
Ana sita.

Akaniambia damu nayo ina wachukuzi,
kila mmoja na furushi lake la hewa,
na chuma ndicho kamba ya kufungia mzigo.
"Wako wamebaki wachache, wanarudia safari.
Ndiyo maana ukipanda ngazi
moyo unakimbia kama umeiba."

Nani alimwambia habari za ngazi?

Bibi yangu angeiita safura.
Msimamizi wetu kiwandani anaiita uvivu.
Nami nilidhani ni umri, nikaongeza chai ya rangi,
vikombe vitatu juu ya wali, na Sista
akatikisa kichwa: hata hiyo chai, mjomba,
inakuibia chuma mdomoni.

Kisha akaitwa shemeji yangu Mwanamvua,
mwembamba kama njiti ya chelewa,
ambaye huwa namwambia kaa, utaanguka.
Tone lake halikuaga. Lilizama
moja kwa moja, likatua chini, kimya.

Sasa nina vidonge vya chuma mfukoni
na kikopo kitupu cha kurudi nacho kesho
(aibu yake naijua, minyoo haina heshima).
Mfuko unaomshukia Kibibi ni wa mtu
nisiyemjua jina; Mwanamvua ndiye anayelipa,
amelala, mkono nje, anatafuna biskuti.

Nimesimama mlangoni hapa Bombo
na mikono yangu mikubwa
nikihesabu matone ya yule asiyejulikana:
moja, jingine, jingine.