Beji ya Tsira

Siku ya kwanza walinipa sare ya mtu mwembamba
na beji ya mtu aliyekwisha kuacha kazi.
"Yako itakuja," alisema Guram wa ghala.
"Oda hupitia makao makuu, si hapa Batumi."
Nikabandika TSIRA kifuani, upande wa moyo,
nikapanda lifti ya mizigo
hadi ghorofa ya kumi na nne,
ambayo ukihesabu ngazi ni ya kumi na tatu,
ila kampuni haitaki mkosi.

Vyumba kumi na vitano kwa zamu.
Dakika ishirini na sita kwa chumba.
Aliyepima hakutandika.
Hakukuta maganda ya tikitimaji chini ya mto,
meno ya bandia yakicheka ndani ya glasi,
kokoto za ufukweni zimeziba bafu,
wala barua iliyochanwa vipande vinne,
nikaiunganisha juu ya meza
kwa dakika mbili nisizokuwa nazo.
Ilisema: *usinisubiri.*
Nikaitupa tena, mara hii kwa adabu.

Bibi Nargiza, msimamizi wetu,
hupitisha kidole juu ya fremu ya mlango
kama anayepapasa homa ya mtoto.
Kona ya shuka ikilegea, huipiga picha.
Si mtu mbaya.
Naye yupo anayempitishia kidole.

Kwetu Khulo, mlimani, mgeni akibisha
godoro la sufu humwendea yeye
na sisi tunalala sakafuni, tunasikiliza akikoroma,
tunaona fahari.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema watu.
Hapa siku ya tatu
humpa taulo jipya na chokoleti juu ya mto.
Jembe nimelishika mimi.

Desemba walituita ukumbini.
Bwana mmoja kwenye skrini, nyuma yake dirisha
na jiji ambalo hakuna aliyelitambua,
alisema sisi ni familia,
watu elfu themanini, nchi sitini.
Manukuu ya Kijojia yalichelewa sentensi nzima,
hivyo alipocheka
sisi tulikuwa bado tunasoma habari za bima.

Januari familia ikapunguzwa.
Mvua ilinyesha siku kumi na moja mfululizo.
Guram akaondoka na mwavuli wa hoteli,
na hakuna aliyemdai.

Kisha Machi, cheti:
Mfanyakazi Bora wa Robo Mwaka. Tsira.
Fremu ya plastiki iliyopakwa dhahabu,
vocha ya usiku mmoja, watu wawili,
katika hoteli yoyote ya kampuni, isipokuwa hii.
Makofi. Keki yenye nembo.
Nilifungua mdomo nisahihishe,
nikamkumbuka yeye ambaye sijawahi kumwona.
Wanasema yuko Polandi,
anapanga mapaja ya kuku kwenye trei
ndani ya chumba chenye baridi ya jokofu.
Nikafumba mdomo. Nikashukuru kwa niaba yake.

Sasa picha imetundikwa kwenye ujia wa wafanyakazi,
kati ya kizima moto na ratiba ya zamu:
uso wangu, jina lake.
Mama alipouliza kama wakubwa wananijua
nilimwambia wananijua sana.

Wiki iliyopita bahasha ikafika,
miaka miwili na mihuri minne baadaye.
LAMARA. Hawakukosea hata herufi.
Niliishika kiganjani, nyepesi kama kucha,
nikairudisha ndani ya karatasi yake
na karatasi ndani ya kabati.
Huyo hafanyi kazi hapa.
Huyo yuko nyumbani, anachemsha chai,
ameweka miguu ndani ya beseni la chumvi.

Tsira, ikiwa utarudi,
sare yako niliipanua kiunoni.
Uzi nimeuacha mrefu kwa ndani.
Unaweza kuufumua.