Klipu ya Pili

Kazi yangu ni kidevu.
Daktari Bituro macho yake yako kwenye kioo,
vidole vyake kwenye magurudumu mawili madogo;
mimi nimeshika kidevu cha Lugodisha, mbeba magunia ya dagaa pale Kirumba,
na kile kipande cha plastiki anachouma asije akaing'ata kamera.
Namwambia: mate yaache yatiririke, leo hakuna adabu.
Namwambia: pumua kwa pua. Pua.
Kama unapanda Bugarika na mzigo.

Aliletwa alfajiri kwa bajaji.
Choo cheusi siku tatu, alisema mkewe, Nyanzobe,
cheusi cha kung'aa, kama lami iliyomwagwa jana.
Mwenyewe alishikilia kuwa ni chakula tu.
Usiku akatapika damu, na hapo hakuna aliyetaja chakula.
Presha themanini kwa arobaini.
Chupa mbili za damu ya watu tusiowajua
zilimwingia mkononi kabla hatujathubutu mdomo.

Tunashuka.
Umio, waridi, kama ndani ya shavu la mtoto.
Halafu tumbo, na tumbo ni giza:
mabonge, maji meusi,
taa yetu imezama kama karabai iliyotumbukia ziwani.
Osha, anasema Daktari. Pastory anapiga maji.
Vuta. Osha tena.

Pale.
Kabla tu ya mlango wa utumbo,
kidonda kipana kama shilingi mia,
na katikati yake kimshipa kimesimama wazi
kinarusha damu, tii, tii, tii,
kwa mapigo yale yale
ninayoyasikia chini ya kidole changu, shingoni mwake.

Sindano kwanza. Adrenalini, pande nne.
Nyama inavimba, inapauka, inanuna.
Damu inapunguza mwendo. Haijakoma.

Klipu.
Zilikuwa mbili kwenye droo.
Nilizihesabu Ijumaa, nikazihesabu tena Jumatatu,
kana kwamba kuhesabu huzaa.
Ya kwanza iliuma pembeni, ikateleza, ikapotelea kwenye weusi.
Hakuna aliyesema kitu. Mashine ya kunyonya ndiyo iliyosema.
Lugodisha akakamata aproni yangu
kwa mkono uliokwishabeba nusu ya ziwa kwenda Kongo.

Ya pili Daktari hakuifungua upesi.
Alisogea. Akangoja pumzi iishe.
Akasogea tena, unene wa ukucha.
"Funga," akasema, na Pastory akafunga.

Tulihesabu hadi mia tatu, macho kiooni,
kama watu wanaolinda maziwa jikoni.
Hayakufurika.

Jumatano, wodini, anakunywa uji kwa tuo.
Anauliza hicho chuma kitatolewa lini.
Kitajitoa, namwambia, baada ya wiki kadhaa,
chooni, wala hutakisikia.
"Kitu cha bei ile?" Anacheka mpaka anashika mbavu.

Nampa karatasi: vidonge vya kupunguza asidi,
dawa za yule mdudu aliyeonekana kwenye kipimo,
wiki mbili, usiruke hata siku.
Na vile vya maumivu, vya duka la kona,
viwili asubuhi, viwili jioni, miaka sita,
vile basi. Navyo vilichimba.

Anaikunja karatasi mara nne,
anaitia chini ya bakuli.
"Sawa, sista. Tumbo nimekuelewa.
Na mgongo?"

Nikamwinulia mto.