Chombo Kisicho na Mbele

Alikuja Kamukunji saa ya jua kukaa juu ya mabati,
akanyoosha mikono yake yote miwili, akasema:
nataka karai la upana huu, lisilo na mishikio.
Tukamuuliza, la pilau ya harusi?
La kuvulia, akasema. Mtoni.
Mto upi?
Huu.
Nyundo mia mbili zilinyamaza,
kisha zikacheka zote kwa pamoja.

Hiribae, jina lake. Bawabu wa usiku, South B,
viatu viwili visivyo ndugu.
Kwao Tana, babu yake alikunja fito kama anayesuka tenga,
akaziwamba ngozi ya fahali, akaipaka mafuta,
akakivaa chombo kichwani kama kofia hadi kwenye maji.
Ndivyo alivyosema. Hapakuwa na Mpokomo mwingine wa kumbishia.

Nilikuwa mwanagenzi, kazi ikaangukia mkono wangu.
Mapipa mawili ya lami, yamepasuliwa, yamekunjuliwa,
siku nne za kugonga kutoka katikati kwenda ukingoni,
kwani bati ukiligonga kwa pupa hukukunjia uso.
Likatoka mviringo, na pengo moja dogo la aibu
nililoliziba kwa lehemu na dua.
Fundi Atsango akalizunguka mara mbili.
Chombo cha kuzama hakina usukani, akasema.
Hiribae akajibu: hiki hakina hata mbele.
Kitazamia upande upi?

Usiku tulilisukuma kwa mkokoteni, Landhies Road,
limelala kifudifudi, manyunyu yakilipigia ngoma.
Askari wa kaunti akalimulika kwa tochi,
asijue aandike kosa gani.

Asubuhi, chini ya daraja, penye povu,
alichuchumaa ndani yake kama mtoto anayeogeshwa.
Likazunguka.
Likazunguka tena, likampa mgongo kila aliyecheka.
Akatoa kafi, ubao wa kitanda,
akaanza kuandika nane majini,
nane juu ya nane, bila kuinua kalamu,
na karai likatii, likafuata hesabu yake.

Alivua soli. Alivua simu isiyo na uso.
Kisha kambare,
kiganja hadi kiwiko, masharubu ya polisi wa zamani.
Nikafikiria ugali.
Yeye akatoa msumari, akakwaruza alama ukingoni, ndani,
akamrudisha.
Wee!
Nani amle, akasema, na yale anayokula yeye?
Nawahesabu walio hai.

Mwezi wa nne mvua haikubisha hodi.
Mto ukapanda ngazi za watu, Mathare, Mukuru,
ukaingia vitandani na matope yake.
Sikumwona tena. South B wanasema alihama.
Wanasema mengi.

Mwezi wa saba vijana walileta vyuma kwenye mizani:
springi za godoro, mlango wa Probox, na karai letu,
limeokotwa Dandora, limekwama kwenye magugu.
Nililijua kwa lile pengo. Lehemu ilikuwa imeshika.
Ndani, alama sitini na tatu,
moja imezungushiwa duara, sijui kwa nini.

Kilo kumi na tisa. Atsango akalipa.
Bati zuri halitupwi. Nikalikata.
Majiko kumi na moja: mengine yana alama tatu ubavuni,
mengine tisa, moja halina hata moja.
Lile lenye duara nililificha siku mbili chini ya gunia,
kisha kodi ikaja, nikaliuza pia.

Mama mmoja wa Kayole akaligeuzageuza lake:
mikwaruzo hii, fundi? Unaniuzia la mtumba?
Nikamwambia ni samaki.
Akanitazama. Akalitazama jiko.
Nikampunguzia shilingi hamsini.